Ushuhuda wa Kalamu Kongwe

Kalamu ni chombo kidogo, lakini alama yake ni kubwa duniani. Mkataba wa nyumba, waraka wa mama kwa mwanawe aliye mbali, hukumu ya kadhi, hesabu ya mwenye duka, na ahadi ya mataifa yaliyochoka kupigana, vyote vimepita katika ncha iliyo nyembamba kuliko punje ya mtama. Si ajabu, basi, kwamba wako watu wazipendao kalamu za wino za zamani, wakazitafuta kwa bidii, wakazitunza katika visanduku, na wakawa tayari kuzilipia fedha nyingi. Na penye kitu kinachopendwa hapakosi mtu wa kukighushi.

Zamani mnunuzi alikwenda dukani, akaishika kalamu mkononi, akaipima uzito, akaichovya katika wino na kuijaribu juu ya karatasi. Leo mambo yamegeuka. Tangu soko la mnada liitwalo eBay lilipoanzishwa Marekani mwaka 1995, na masoko mengine ya namna yake yakafuata, mtu aliye Nakuru anaweza kununua kwa intaneti kalamu iliyolala katika mtoto wa meza huko Ohio. Muuzaji hamjui, na kalamu hajaigusa. Anachokiona ni picha. Anachokisoma ni sifa. Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Lakini katika soko hili kizuri na kibaya vyote hujitembeza, tena kwa maneno yale yale.

Je, mtu atatambuaje kalamu ya kweli na ya uongo? Na akiisha kuitambua, atajuaje thamani yake? Maswali haya huonekana kuwa ya wafanyabiashara, lakini kwa hakika ni maswali ya mwanahistoria. Kalamu kongwe ni shahidi aliyetoka katika wakati uliopita. Umbo lake, nyenzo yake, chapa zake na namna yake ya kunywa wino ni maneno anayoyatamka mbele yetu. Kazi ya mwamuzi ni kuyasikiliza maneno hayo yote, kuyalinganisha na yale yanayojulikana juu ya wakati huo, na kuona kama yanapatana. Ushuhuda unaopatana huaminika. Unaopingana hutiliwa shaka. Ili tuifanye kazi hiyo, yatupasa kwanza kuijua safari ya kalamu yenyewe.

Neno kalamu lilitufikia kutoka Kiarabu, na asili yake ni utete. Kwa karne nyingi watu walichonga utete, wakauchovya katika wino, wakaandika maneno machache, wakauchovya tena. Hati za kale za pwani yetu, zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ziliandikwa kwa kalamu za namna hiyo. Ulaya walitumia manyoya ya bata bukini, na baadaye nibu za chuma. Taabu ya zote ilikuwa moja: wino haukukaa ndani ya kalamu, na mwandishi aliyesafiri alilazimika kubeba kidau chake.

Tamaa ya kuiondoa taabu hiyo ni ya zamani. Kadhi al-Nu'man, aliyefariki mwaka 974, aliandika kwamba Khalifa al-Mu'izz wa nasaba ya Fatimi alitaka atengenezewe kalamu itakayobeba wino wake ndani bila kuchafua mikono. Mwaka 1663 Mwingereza Samuel Pepys aliandika katika shajara yake kwamba alipelekewa kalamu ya fedha ya kubebea wino. Mwaka 1827 Mromania Petrache Poenaru, aliyekuwa akisoma Paris, alipewa na serikali ya Ufaransa hataza, yaani hati ya kulinda haki ya mvumbuzi, kwa kalamu yenye wino ndani yake. Lakini kalamu hizo za mwanzo zilikuwa na tabia mbaya mbili: ama zilikataa kuandika, ama zilitapika wino wote kwa mara moja.

Sababu yake ni hewa. Wino ukitoka katika chombo kilichofungwa, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Hewa isipoingia, wino hukwama. Hewa ikiingia kwa wingi, wino humwagika. Mmarekani Lewis Edson Waterman alipewa hataza mwaka 1884 kwa dawa ya ugonjwa huo. Chini ya nibu aliweka kipande chenye mifereji myembamba, ambacho hapa tutakiita ulimi wa kalamu. Wino ulishuka polepole katika mifereji hiyo kwa nguvu ile ile inayoufanya utambi uvute mafuta ya taa, na hewa ikapanda kidogo kidogo kuujaza mwanya. Hapo kalamu ya wino ikawa chombo cha kutegemewa.

Juu ya Waterman husimuliwa hadithi tamu. Yasemekana alikuwa wakala wa bima. Siku moja mteja tajiri alipotaka kutia sahihi, kalamu mbovu ikamwaga wino juu ya mkataba, na kabla Waterman hajaleta karatasi nyingine, wakala mwingine akaichukua biashara ile. Kwa uchungu wake akaapa kutengeneza kalamu isiyovuja. Hadithi hii imenakiliwa katika vitabu vingi. Lakini watafiti walipoichunguza hawakupata ushahidi wa wakati wenyewe. Waliona kwamba ilienezwa na matangazo ya biashara miaka mingi baada ya uvumbuzi. Hataza ya mwaka 1884 ipo na yaweza kusomwa. Mkataba uliomwagikiwa wino haupo. Msomaji na alishike jambo hili vema, kwa maana ndilo funzo la kwanza la kuamua ukweli wa kalamu: kitu na hadithi ya kitu si jambo moja. Hadithi yaweza kuwa tamu na kitu kikawa cha kweli, lakini utamu wa hadithi hauthibitishi chochote.

Baada ya Waterman walikuja wengi. George Safford Parker, mwalimu wa telegrafu katika mji wa Janesville, jimbo la Wisconsin, alianzisha kampuni yake mwaka 1888. Walter Sheaffer, sonara wa Fort Madison katika jimbo la Iowa, alipata mwaka 1908 hataza ya kalamu inayojazwa kwa wenzo: mtu huinua wenzo mdogo ubavuni mwa kalamu, kifuko cha mpira kilichomo ndani kikabanwa, na wenzo ukirudi kifuko hufutuka na kunywa wino. Mwaka 1921 Parker alitoa Duofold, kalamu kubwa nyekundu iliyouzwa dola 7. Mwaka 1924 Sheaffer alianza kutia kitone cheupe katika kalamu zake bora, na mwaka huo huo kampuni ya Montblanc ya Hamburg, Ujerumani, ikatoa kalamu iitwayo Meisterstück. Mwaka 1929 kampuni ya Pelikan, pia ya Ujerumani, ilitoa kalamu inayovuta wino kwa pistoni, ambayo mwili wake ulikuwa angavu kiasi cha kumwonyesha mwenyewe wino uliosalia. Mwaka 1941 ikaja sokoni Parker 51, iliyouzwa dola 12.50, ambayo nibu yake ilifichwa karibu yote ndani ya kifuko kigumu ili wino usikauke.

Kisha zama zikageuka. László Bíró, mzaliwa wa Hungaria, alipata hataza ya kalamu ya kitufe mwaka 1938. Tarehe 29 Oktoba 1945 duka la Gimbels mjini New York lilianza kuuza kalamu za namna hiyo zilizotengenezwa na Milton Reynolds, nazo ziligombewa na umati wa watu japo bei yake ilikuwa dola 12.50. Mwaka 1950 Mfaransa Marcel Bich alitoa Bic Cristal, kalamu rahisi iliyoweza kumfikia kila mwanafunzi. Tangu hapo kalamu ya wino ilianza kuwaachia wengine kazi ya kila siku. Nyingine zikatupwa, nyingine zikasahauliwa katika makabati ya mababu. Na zile zilizosalia zikaanza kuitwa tunu. Hizi ndizo zinazouzwa leo, na hizi ndizo zinazoigizwa.

Tumwite sasa shahidi atoe maneno yake. Neno la kwanza ni nyenzo. Kalamu za Waterman na Parker za mwanzo zilifanywa kwa eboniti, yaani mpira uliochanganywa na salfa nyingi na kupikwa mpaka ukawa mgumu kama pembe. Eboniti nyeusi ikipigwa na jua na unyevu kwa miaka mingi hupoteza weusi wake, ikawa ya kahawia au ya rangi ya zeituni. Na ukiisugua kwa kidole mpaka ipate joto, hutoa harufu ya salfa. Katika miaka ya 1920 watengenezaji walianza kuiacha na kushika seluloidi, ambayo iliweza kutiwa rangi za kila namna na ambayo harufu yake ni ya kafuri. Sheaffer alianza kuitumia mwaka 1924, na Parker akaifanyia Duofold tangu mwaka 1926. Basi mtu akikuonyesha Duofold ya seluloidi akasema ni ya mwaka 1921, kalamu yenyewe imekwisha kumkanusha. Parker 51 nayo haikufanywa kwa eboniti wala seluloidi, bali kwa plastiki nyingine iitwayo lusite. Lakini mtu asijaribu nyenzo kwa sindano ya moto, kama wafanyavyo wajinga: seluloidi hushika moto upesi, na tundu likitobolewa halizibiki.

Neno la pili ni chapa. Watengenezaji wengi walipiga mwilini mwa kalamu jina la kampuni, mji na nambari. Katika kalamu za Waterman zenye wenzo, tarakimu zilizopigwa kitakoni zina maana maalumu: 52 ni kalamu ya wenzo yenye nibu ya ukubwa wa 2, na 452 ni ya namna hiyo hiyo iliyovikwa fedha safi. Nibu yenyewe pia ina nambari yake. Kitako kikisema 2 na nibu ikisema 5, mmoja wao ni mgeni katika nyumba hiyo. Parker naye, tangu miaka ya 1930, alipiga alama ya tarehe yenye tarakimu ya mwaka, na kwa muda akaongeza vitone vya kuonyesha robo ya mwaka. Lakini yako makosa mawili ya kuepukwa. La kwanza ni kudhani kwamba tarehe ya hataza ni tarehe ya kuzaliwa kwa kalamu. Kalamu nyingi za Waterman zilizofanywa katika karne ya 20 zina chapa ya mwaka 1884. Wauzaji wasiojua, na wengine wanaojua sana, huziita kalamu za mwaka 1884. La pili ni kusahau kwamba majina ya nchi nayo yana tarehe. Kalamu ya Montblanc yenye herufi W mbele ya jina la Ujerumani ilifanywa wakati wa Ujerumani Magharibi, dola iliyoanzishwa mwaka 1949 na kuungana na Ujerumani Mashariki mwaka 1990. Mtu akisema kwamba kalamu hiyo ilikuwa ya babu yake mwaka 1930, ramani ya dunia inamkataa.

Neno la tatu ni nibu. Wino wa zamani ulikuwa na ukali wa asidi uliokula chuma, na ndiyo sababu kalamu bora zilipewa nibu za dhahabu, na kwenye ncha kabisa kikaunganishwa kitone cha madini magumu ya jamii ya platinamu ili isilike na karatasi. Nyingi ni za karati 14, yaani sehemu 585 za dhahabu katika 1,000, na tarakimu hizo hupigwa juu yake. Huko Ufaransa, kwa miaka mingi ya karne ya 20, sheria haikuruhusu kitu kiitwe dhahabu kama hakikufika karati 18. Kwa hiyo kalamu ya kampuni ya Marekani iliyouzwa Ufaransa ikiwa na nibu ya karati 18 si lazima iwe imebadilishwa. Vilevile, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Ujerumani ilizuia dhahabu isitumiwe katika nibu, na kampuni ya Pelikan na wenzake wakatumia chuma kisichoshika kutu. Mnunuzi mwenye haraka akiona Pelikan ya mwaka 1941 yenye nibu ya chuma huitupa akisema ni bandia, kumbe chuma hicho ndicho kinachoshuhudia njaa ya wakati wa vita. Akiikuta yenye dhahabu hufurahi, kumbe pengine ndiyo iliyobadilishwa nibu baadaye. Vyote ving'aavyo si dhahabu, na mara nyingine kisichong'aa ndicho cha kweli.

Neno la nne ni njia ya kunywa wino. Tuchukue mfano. Tuseme kwamba muuzaji ameandika hivi: Parker 51 ya mwaka 1942, ya askari aliyepigana vitani. Picha zinaonyesha mwili mzuri usio na ufa, kifuniko kinachong'aa, na ndani yake mrija wa chuma wenye kipande cha kubonyezea kifuko cha wino. Bei ni kubwa kwa sababu ya vita. Mnunuzi mwenye maarifa hutulia hapo. Anajua kwamba Parker 51 za mwanzo zilijazwa kwa kusukuma kitufe kilichofichwa chini ya kitako, na kwamba kifuko cha kubonyezwa hakikuingia katika kalamu hizo mpaka mwaka 1948. Kwa hiyo kalamu hiyo yaweza kuwa Parker ya kweli kabisa, iliyotoka katika kiwanda cha Parker na kufanywa na mikono ya mafundi wa Parker, lakini haikwenda vitani mwaka 1942. Kalamu haikusema uongo. Aliyesema uongo, au aliyedanganywa kabla yake, ni muuzaji. Mnunuzi anaweza bado kuinunua, lakini kwa bei ya kalamu ya kawaida, si kwa bei ya vita.

Hapo twaona kwamba ukweli wa kalamu una daraja zake, na si haki kuziita zote kwa jina moja. Iko kalamu halisi, ambayo viungo vyake vyote vilitoka kiwandani pamoja. Iko kalamu ya mchanganyiko, yenye kifuniko cha huyu, mwili wa yule na nibu ya mwingine. Viungo vyote ni vya kweli, lakini mzima wake haukuwahi kuwako mpaka mtu alipouunganisha mezani kwake. Kitone cheupe cha Sheaffer juu ya kifuniko, na chini yake mwili wa kabla ya mwaka 1924, ni dalili ya ndoa ya namna hiyo. Iko kalamu ya mwigo iliyo wazi, kama zile zilizofanywa Shanghai na kampuni ya Hero kwa umbo la Parker 51. Hizo zina jina lao wenyewe, hazimdanganyi mtu, na ni kalamu njema za kuandikia. Mwisho iko kalamu ya kughushi, iliyopigwa jina lisilo lake kwa nia ya kumwibia mtu. Meisterstück ya Montblanc imeghushiwa sana. Nibu ya kweli ina tarakimu 4810, kwa ukumbusho wa urefu wa mlima Mont Blanc kwa mita kama ulivyohesabiwa; lakini waghushi nao wanajua kuandika 4810. Kinachowashinda aghalabu si tarakimu bali ukamilifu wake: mistari yao hutetereka, rangi ya dhahabu yao ni ya kupakwa, na nyota nyeupe ya kifunikoni hukaa upande.

Liko pia suala la matengenezo, nalo linahitaji uadilifu. Kifuko cha mpira huoza. Kalamu iliyokaa miaka 80 na kifuko chake cha kwanza aghalabu haiwezi kunywa wino. Kukibadilisha si kosa, kama vile si kosa kuezeka upya nyumba ya zamani ili mvua isiibomoe. Lakini mtu akiing'arisha eboniti iliyofifia mpaka chapa za kiwanda zikafutika, ameuza ushuhuda ili anunue mng'aro. Akiipaka rangi nyeusi ili ionekane mpya, na asimwambie mnunuzi, ametoka katika ufundi akaingia katika hila. Tofauti kati ya kutengeneza na kughushi haiko katika mkono wa fundi. Iko katika ulimi wake. Fundi mwaminifu hutaja alichobadilisha, na kutaja kwake hakuipunguzii kalamu heshima.

Sasa tuje kwenye thamani, ambayo wengi huichanganya na ukweli. Kitu chaweza kuwa cha kweli kabisa na kisiwe na thamani kubwa. Parker 51 ziliuzwa kwa mamilioni. Kwa hiyo iliyo ya kawaida, japo ni njema na ya kweli, haiwezi kumtajirisha mtu. Uzee peke yake si mali. Thamani hukaa juu ya mafiga matatu. La kwanza ni uchache: rangi iliyotolewa kwa muda mfupi, au kalamu iliyovikwa fedha, haipatikani kila siku. La pili ni hali: ufa kwenye mdomo wa kifuniko, nibu iliyopinda, chapa iliyofutika, kila kimoja hula sehemu ya bei. La tatu ni hamu ya watu: kalamu moja tu iliyobaki duniani, isipotakiwa na mtu, haina bei. Na mtu asipime hamu hiyo kwa bei inayotajwa na wauzaji, kwa maana kutaja ni bure. Apime kwa bei zilizolipwa kweli katika minada iliyokwisha.

Kuna jambo la nne ambalo huweza kuyapita yote matatu, nalo ni nasaba ya kalamu. Tarehe 2 Septemba 1945, juu ya meli ya vita Missouri katika ghuba ya Tokyo, Jenerali Douglas MacArthur alitia sahihi hati ya kusalimu amri kwa Japani kwa kalamu kadhaa, si kwa moja. Ya kwanza alimpa Jenerali Wainwright, na nyingine akampa Jenerali Percival, yule aliyeisalimisha Singapore kwa Wajapani mwezi wa Februari 1942 na kukaa kifungoni mpaka vita vilipokwisha. Kalamu ile, kama ingelala mezani bila habari zake, ingekuwa kalamu tu. Kilichoitukuza si dhahabu yake, bali ni tukio lililoonwa na mashahidi wengi, likapigwa picha na kuandikwa siku ile ile. Mali bila daftari huisha bila habari. Na kalamu ya mtu mashuhuri isiyo na hati, picha wala barua ya kuithibitisha, ni kalamu yenye uvumi. Jina lililochorwa mwilini si hati, kwa sababu hata leo jioni mtu anaweza kulichora. Tena jina la mtu asiyejulikana, badala ya kuongeza bei, mara nyingi huipunguza.

Mnunuzi wa mbali, ambaye hana ila picha, afanye nini basi? Aombe picha zaidi. Aombe nibu ipigwe picha kwa karibu, juu na chini, pamoja na ulimi wake. Aombe chapa za mwilini zisomeke. Aombe mdomo wa kifuniko uonyeshwe mbele ya mwanga ili ufa ujitokeze. Aulize kalamu hujazwa kwa njia gani, na kama hunywa wino au hainywi. Aulize nini kimebadilishwa. Kuuliza si ujinga, na muuzaji mwaminifu hakasiriki akiulizwa. Akijibu kwa hadithi pale alipoulizwa habari ya chapa, hilo nalo ni jibu. Na mnunuzi asiikubali sumaku kuwa hakimu wa mwisho: ni kweli kwamba dhahabu haivutwi na sumaku, lakini viko vyuma visivyoshika kutu ambavyo navyo havivutwi. Shahidi mmoja hatoshi. Wanne wakipatana, shauri limekaribia kukatika.

Pengine mwanafunzi atauliza: mimi naandika kwa kalamu ya kitufe niliyoinunua dukani kwa shilingi chache, haya yote yanihusu nini? Yanamhusu sana. Kila siku huletewa habari zilizopambwa, picha zilizong'arishwa, maneno yaliyowekwa vinywani mwa watu mashuhuri, na hadithi tamu kama ile ya mkataba uliomwagikiwa wino. Anayenunua kalamu ya uongo hupoteza fedha zake. Anayenunua habari ya uongo hupoteza uamuzi wake, na pengine huwauzia wenzake hasara ile ile bila kujua. Dawa ya mambo hayo mawili ni moja. Tazama kitu chenyewe kabla ya kusikiliza sifa zake. Uliza kimefanywa kwa nini, na lini, na nani. Linganisha viungo vyake, uone kama vyote ni vya nyumba moja. Usikatae upesi kwa sababu haking'ai, wala usikubali upesi kwa sababu kinang'aa.

Kalamu kongwe ina heshima hii, kwamba haiwezi kujitetea wala kujisifu. Inakaa kimya na chapa zake, harufu yake na makovu yake, ikimngojea mtu mwenye subira ya kuisoma. Mwenye subira hiyo huipata kweli mara nyingi kuliko mwenye fedha, na akiisha kuipata, hata kalamu ya bei ndogo huwa mkononi mwake ni mali.